Maji Yaliyochemka Kabla ya Mia

Kwa jina la Mola tunaanza, Yeye aliyekipa kila kitu kipimo chake kabla mwanadamu hajabuni mizani. Tunamwomba auongoze ulimi usitamke ila lenye manufaa. Na awarehemu wote waliowahi kumshika mtoto mkono wakamwonyesha herufi ya kwanza.

Baada ya hayo, wajulikane watu wa hadithi hii. Wa kwanza ni mwalimu wa sayansi na hisabati, mwanamke wa makamo. Wanafunzi walimwita Mama Wino, kwa sababu ya kalamu yake nyekundu. Wa pili ni mumewe, seremala, mtu wa kazi nyingi na mzaha mwingi zaidi. Wa tatu ni binti yao wa mwisho. Huyo aliitwa Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitindamimba, na dada zake wawili walikwisha kuolewa. Wa nne na wa tano ni vijana wa chuo kikuu, msichana na mvulana, nao wataingia kwa mlango wao wakati wao utakapofika.

Shule yao ilikuwa juu ya kilima, katika mji ulio juu ya milima. Ili kuifikia, watoto walipanda ngazi za mawe mia moja na kumi kila asubuhi. Darasa la nane lilikuwa na wanafunzi thelathini na tisa. Dirisha moja halikuwa na kioo, na seremala alikuwa ameliziba kwa ubao. Nyuma ya darasa palikuwa na stoo ndogo. Ndani yake mlikuwa na mizani yenye sahani moja, chupa tupu, na kipimajoto kilichofungwa pamba kama mtoto mchanga.

Mama Wino alifundisha kama alivyofundishwa. Aliandika ubaoni lengo, vifaa na njia. Kisha, kabla jaribio halijafanywa, aliandika matokeo. Watoto walinakili. Baadaye jaribio lilifanywa upesi upesi, kwa kuwa kila mtu alikwisha kujua litatokea nini. Alikuwa mwalimu mwenye bidii. Hakuwahi kuchelewa, wala daftari halikuwahi kulala mezani kwake siku mbili bila kusahihishwa.

Moyoni alikuwa na kiu moja. Alitamani mtu mmoja, mmoja tu, atoke katika nyumba yake aisome sayansi hadi mwisho wake. Kiu hiyo aliibeba tangu usichana, na kila mwaka ilizidi kumkausha koo. Binti wa kwanza hakuitaka sayansi. Wa pili hakuiweza. Akabaki Kitinda, aliyekuwa katika darasa hilohilo la nane.

Siku moja, baada ya chakula cha jioni, Kitinda alimletea mama yake karatasi.

"Mama, naomba saini yako hapa."

Mama aliisoma. Ilikuwa fomu ya kuchagua mkondo wa masomo. Mwanafunzi akishachagua na fomu ikapelekwa, harudi nyuma. Alama ya vema ilikuwa kwenye biashara.

"Sayansi umeiruka?"

"Sikuiruka. Nimeiacha."

"Kuna tofauti gani?"

"Anayeruka ana haraka, mama. Mimi nimefikiri."

Seremala aliinua uso kutoka kwenye msumeno aliokuwa akiunoa. "Hapo umepigwa chenga, mama watoto."

"Wewe nawe usimvike kilemba cha ukoka," mkewe alimjibu. Akamgeukia binti. "Mwanangu, ulikuwa ukiipenda. Ulikuwa ukinifuata mpaka jikoni kuniuliza kwa nini mvuke unapanda."

"Nilikuwa mtoto."

"Na leo?"

"Leo najua kwamba sayansi ni kunakili. Na hisabati ni kunakili kwa tarakimu."

"Mtoto huyu hunipimia mbao," seremala alisema, "na hajawahi kunikosesha hata upana wa ukucha. Sasa hofu ya tarakimu imetoka wapi?"

"Si hofu, baba. Ni uchovu."

Mama Wino aliikunja fomu. "Itapelekwa mwisho wa muhula. Mpaka hapo, niachie."

Kitinda aliinama kwa adabu, akaenda kuosha vyombo. Mama alibaki ameishika karatasi ile. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wake hakutaka kusana wala kuvukuta. Alitaka kutoka kiwandani kabisa.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliwaita walimu. Huyu alikuwa mzee mpole aliyeogopa mambo mawili: wakaguzi na moshi.

"Chuo kikuu kinatuletea vijana wawili," alisema. "Watakuja mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, wasaidiane na walimu wa sayansi na hisabati. Mama Wino, nimewaelekeza kwako."

"Wanakuja kunikagua?"

"Wanakuja kushirikiana nawe."

"Aghalabu huanza hivyo," alisema Mama Wino, na walimu wenzake wakacheka.

Vijana walifika Jumatatu na masanduku mawili. Msichana alikuwa akisoma fizikia. Kila alipotembea, rula na vibomba vya kupimia vilichungulia mfukoni mwake, ndipo watoto wakamwita Dada Vipimo. Mvulana alikuwa wa hisabati. Alikuwa mrefu hata akainama kuingia mlangoni, na kabla hajafika mbele ya darasa jina lake lilikuwa tayari: Mlingoti.

"Shikamoo, mwalimu," walisema wote wawili.

"Marahaba. Darasa hilo hapo."

Akawaachia chaki, akaenda kukaa nyuma na rundo la madaftari. Alikaa kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Vijana walifanya maonyesho hasa. Dada Vipimo alitia yai katika gilasi ya maji, likazama. Akamimina chumvi, akakoroga, na yai likapanda juu. Darasa lililipuka kwa shangwe. Watoto walipiga madawati. Mlingoti aliandika ubaoni fomula ndefu, naye akapigiwa makofi, ingawa hakuna aliyejua kwa nini. Kitinda peke yake alikaa kimya, mkono shavuni.

Siku ya pili yake Mama Wino aliwapa watoto swali moja tu: Kwa nini yai lilipanda juu? Vijana waliporudi Jumatano, aliwakalisha stoo, akawasomea majibu.

"Huyu anasema, 'Kwa sababu Dada alikoroga sana.' Huyu, 'Kwa sababu yai lilichoka kukaa chini.' Na huyu hapa, 'Kwa sababu lile ni yai la chuo kikuu.'"

Mlingoti alicheka. Dada Vipimo hakucheka.

"Thelathini na tisa," alisema Mama Wino. "Hakuna hata mmoja aliyejua. Wanangu, mlichofanya ni mazingaombwe. Watoto wamefurahi, na mimi sichukii furaha. Lakini mnaondoka na masanduku yenu, nami nabaki na yai."

Dada Vipimo alitazama chini, kisha akainua uso. "Mwalimu, utuwie radhi. Sisi fizikia tunaijua, ila watoto hatuwajui. Hatujui nani haelewi na anaona haya kuuliza."

Mama Wino aliyaweka majibu chini. Hakuwa ametazamia unyenyekevu. Nao unyenyekevu una desturi ya kufungua mlango uliokataa kusukumwa.

"Basi na mimi niseme," alijibu. "Watoto nawajua mmoja mmoja. Najua nani hakunywa chai asubuhi. Lakini fizikia yangu imeota kutu. Sijashika kitabu kipya miaka mingi."

"Basi nusu unayo na nusu tunayo," alisema Mlingoti. "Tuunganishe."

"Kwa njia gani?"

Dada Vipimo alieleza alivyoona katika shule nyingine. "Kila Jumatano mchana, watoto wakiisha kutoka, tunakutana sisi watatu hapa stoo. Somo la wiki ijayo tunalipanga pamoja. Jaribio tunalifanya kwanza sisi wenyewe, mwanzo hadi mwisho. Wewe unatuambia watoto watakwama wapi. Sisi tunakuletea tunalolijua. Darasani wewe ndiwe mwalimu, na sisi ni mikono yako. Wala matokeo hatuyaandiki ubaoni kabla."

"Kwa nini tusiyaandike?"

"Kwa sababu mtoto akijua jibu, macho yake hujifunga."

Mama Wino aliona neno hilo geni, lakini alikubali.

Jumatano ya kwanza walichagua somo la mchemko wa maji. Lilikuwa somo la darasa la saba, ila Mama Wino alitaka kulirudia kabla ya mtihani. Waliwasha jiko la mafuta ya taa, wakateleka sufuria ndogo. Mwalimu mkuu alichungulia, akaona moshi, akaondoka. Maji yalianza kuvuma, kisha yakachemka kwa nguvu.

"Soma, mwalimu," alisema Dada Vipimo.

Mama Wino alivaa miwani, akainama. "Tisini na nne." Akangoja. Maji yalichemka na kuchemka. "Tisini na nne bado. Kipimajoto hiki kimeharibika. Maji huchemka kwenye mia."

"Tujaribu changu."

Cha Dada Vipimo kikasema tisini na nne. Mlingoti akatoa cha tatu, kipya, kikiwa bado ndani ya bomba lake. Nacho kikasema vivyo hivyo.

"Vitatu haviwezi kula njama," alisema Mlingoti. "Hiki cha kwangu hata hakijasalimiana na wenzake."

"Lakini kitabu kinasema mia!"

"Kitabu hakikudanganya, mwalimu," alisema Dada Vipimo. "Kimesema habari ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu milimani. Hewa ina uzito. Tunaishi chini ya hewa kama samaki aishivyo chini ya maji. Aliye usawa wa bahari amebeba hewa nyingi kichwani. Sisi tulio juu, hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu. Sasa, maji yakitaka kuchemka, mvuke lazima uisukume hewa ili utoke. Hewa ikielemea sana, maji huhitaji joto zaidi ili yashinde. Ikielemea kidogo, yanashinda mapema."

"Ndiyo maana maharage ya huku hayaivi upesi?"

"Ndiyo hasa. Maji yanachemka, lakini joto lake ni dogo."

Mama Wino alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake. Aliifuta muda mrefu. Vijana walidhani ni mvuke.

Haukuwa mvuke. Alikuwa amekumbuka somo hilihili mwaka uliopita, alipowafundisha watoto hawahawa darasa la saba. Alikuwa ameandika ubaoni: Matokeo, digrii mia. Watoto wote waliandika mia. Wote, isipokuwa mmoja. Mmoja aliandika tisini na nne. Naye Mama Wino alipiga mkwaju mwekundu, mstari wa kosa, juu ya tarakimu ile, akaandika pembeni, "Soma kitabu." Mmoja yule alikuwa binti yake.

Hakungoja waepue sufuria. Alishuka zile ngazi mia moja na kumi, akaenda moja kwa moja hadi karakana ya mumewe. Kitinda alikuwa ameshika ubao na baba alikuwa akiupiga randa. Maranda yalikuwa yamejaa miguuni pao.

"Mwanangu, mwaka jana, somo la mchemko. Uliandika tisini na nne."

Kitinda hakuuachia ubao. "Nakumbuka."

"Ulipima mwenyewe?"

"Mara tatu, mama. Wenzangu waliniambia niandike mia, tutoke mapema. Nilisema hapana, mama mwenyewe alisema sayansi ni kuona."

Seremala alisimamisha randa.

"Ulikuwa umesema kweli," alisema mama. "Leo nimepima kwa vipimajoto vitatu. Ni tisini na nne. Katika darasa zima wewe peke yako uliona, nami nikalipiga jibu lako mkwaju mwekundu. Nisamehe."

Kitinda aliuinamia ubao. Machozi yalimjia, akayafuta kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na ubao.

"Kosa halikuniuma, mama. Kukosa ni jambo la kila siku. Nilitaka uniulize tu. Ungeniuliza, 'Umepima vipi?' Nilingoja wiki nzima. Nikasema moyoni, kama hata mama haulizi, basi macho yangu ya nini?"

Maneno ya mtoto yalikuwa mafupi na yalifika mbali. Mama Wino alisogea, akashika ncha ya pili ya ubao, wakaushika wote wawili.

Seremala alikohoa. "Na mimi niombe radhi. Miaka yote hii nimelaumu mpishi na maharage. Kumbe ni hewa!"

Kitinda alicheka katikati ya machozi. Lakini juu ya fomu hakusema neno, wala mama hakuuliza.

Asubuhi Mama Wino alikwenda kwa mwalimu mkuu, akamweleza kwamba atalifundisha somo lile upya na kukiri kosa lake darasani.

"Mbele ya watoto?" mzee alishtuka. "Mwalimu, heshima yako itabaki wapi?"

"Heshima inayosimama juu ya uongo, mwalimu mkuu, siku moja huporomoka na aliye juu yake."

"Na mtihani? Mtihani wataulizwa, wataandika nini?"

"Wataandika kweli yote. Digrii mia kwenye usawa wa bahari, na pungufu ya hizo kadiri mtu apandavyo. Atakayejua sababu hataogopa swali."

Mzee alifikiri. "Haya. Lakini jiko liwe karibu na dirisha."

Basi Jumatatu Mama Wino alisimama mbele ya darasa. Ubao ulikuwa mtupu. Alisema, "Mwaka jana niliwafundisha maji huchemka kwenye mia, na nilimwekea kosa mwenzenu aliyeona vingine. Yeye alikuwa sahihi. Mimi nilikosea. Leo kila kundi litapima. Andikeni mnachokiona. Hata mkiona ajabu, andikeni."

Makundi yalianza kuvuta madawati. Kisha mtoto mmoja akanong'ona, "Kumbe mwalimu naye hukosea." Mwingine akamjibu, "Nyamaza, asije akabadili nia."

Makundi yalipima. Tisini na nne, tisini na nne, tisini na tano. Kundi la tisini na tano walianza kufuta.

"Msifute!" alisema Dada Vipimo. "Mlikitazama kipimajoto kutoka wapi?"

"Kutoka juu, dada. Mimi mrefu."

"Inama, jicho liwe sawa na mstari."

Mtoto aliinama. "Eh! Tisini na nne!" Mlingoti akamwambia, "Pole ndugu yangu, warefu tuna taabu zetu."

Somo la pili lilikuwa la hisabati. Jumatano walipokuwa wakipanga, Mlingoti alitaka kuanza na fomula. Mama Wino alimzuia. "Weka fomula mfukoni. Watoto hawa wanapanda ngazi kila siku. Anza na ngazi." Naam, ndivyo walivyofanya. Ndugu wa Dada Vipimo, aliyekaa kando ya bahari, alichemsha maji akatuma habari: mia. Rafiki wa Mlingoti, aliyekaa katikati ya mteremko, mita mia tisa juu ya bahari, akatuma yake: tisini na saba.

"Mita mia tisa zimepunguza digrii tatu," alisema Mama Wino. "Fikirini ni ngazi. Kila digrii ni ngazi moja. Ngazi moja ina mita ngapi?"

Mikono michache iliinuka. "Mia tatu!"

"Na sisi tumepungukiwa digrii sita. Basi mji wetu uko juu kiasi gani?"

Walipiga hesabu. Walichora grafu, wakaweka nukta, wakavuta mstari kwa rula. Kitinda hakuinua mkono. Lakini alikuwa ameinama juu ya karatasi, na ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya zamani. Mama aliona, akageuza uso ili asionekane ameona.

"Mita elfu moja na mia nane," watoto walisema.

"Tutajuaje kama ni kweli?" aliuliza Dada Vipimo.

Kitinda ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Stesheni kuna kibao. Chini ya jina la mji kuna namba. Nilidhani ni namba ya posta."

Ijumaa waliteremka wote hadi stesheni ya reli, na vijana nao wakaja, ingawa haikuwa siku yao. Palikuwa patupu, treni ikipita mara mbili tu kwa wiki. Kibao kilikuwa kimefifia rangi, lakini kilisomeka: Mwinuko, mita 1,810. Watoto walipiga kelele, njiwa wakaruka kutoka paani. Walikuwa wamepima mlima kwa sufuria ya maji.

"Na zile kumi zimekwenda wapi?" mmoja aliuliza.

"Zimepanda treni," akajibiwa.

"Hapana," alisema Kitinda, na safari hii sauti yake ilisikika. "Mita kumi ni sehemu ndogo mno ya digrii. Kipimajoto chetu hakina mistari ya kuiona."

Mlingoti alimtazama Dada Vipimo. Dada Vipimo alimtazama Mama Wino. Lakini Mama Wino alikuwa akiitazama reli.

Kitinda alimsogelea. "Mama, unaangalia nini?"

"Nilisimama hapa nikiwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuja kumsindikiza rafiki yangu. Tulikuwa tumepata barua siku moja, mimi na yeye, za kwenda chuo kikuu kusoma kemia. Bibi yako alikuwa mgonjwa, na hapakuwa na mwingine wa kumwuguza. Treni ikaondoka na rafiki yangu. Mimi nikarudi nyumbani kupika uji."

"Ulijuta?"

"Kumwuguza mama yangu, hapana. Lau ningerudishwa, ningemwuguza tena. Lakini mwanangu, mtu aweza kufanya lililo haki, na bado akaisikia treni kila ipitapo."

Kitinda naye aliitazama reli. Upepo ulipita relini.

"Hukuwahi kuniambia."

"Niliogopa utaichukua kiu yangu ukadhani ni yako. Fomu yako ninayo. Kama bado unataka biashara, nitatia saini leo, na moyo wangu utakuwa safi."

Kitinda hakujibu siku ile. Alijibu baada ya siku tisa, asubuhi, alipokuwa akifunga viatu.

"Mama, nimechukua fomu mpya kwa mwalimu mkuu. Ile ya kwanza uichane."

"Isiwe kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako. Nataka kujua maji yatachemka kwa digrii ngapi juu kabisa, pale hewa inapokaribia kwisha. Hilo kitabu chetu hakisemi."

Mama Wino alitia saini. Aliitia upesi, na saini ikatoka kama ya mtoto.

Mwaka ulikwenda. Kila Jumatano mchana stoo ilikuwa na watu. Mwalimu wa darasa la saba alijiunga, kisha wa darasa la sita, na hatimaye mwalimu mkuu mwenyewe, akikaa karibu na dirisha. Watoto waliokuwa wakinakili walianza kuuliza. Waliokuwa wakiogopa kukosea walijifunza kwamba kosa lililopimwa vizuri ni nusu ya jibu. Matokeo ya mtihani yalipotoka, wanafunzi ishirini na wanane kati ya thelathini na tisa walifaulu sayansi na hisabati. Mwaka uliotangulia walikuwa kumi na mmoja.

Vijana wa chuo walikuja kuaga.

"Mwalimu, umetufundisha kazi," alisema Dada Vipimo. "Nilidhani kujua ndiko kufundisha."

"Nami nilidhani kufundisha ndiko kujua," alijibu Mama Wino. "Nendeni salama. Na wewe Mlingoti, inama mlangoni."

Kitinda alipata nafasi katika shule ya bweni ya sayansi, safari ya siku moja na nusu. Baba alimtengenezea sanduku la mbao lenye pembe zilizolingana kabisa. Mama alimpigia pasi sare, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Siku ya safari, alimbusu kipaji cha uso, akasema maneno mawili tu: "Uliza, mwanangu." Basi lilipokata kona, mkono wa Kitinda ulikuwa bado unapunga dirishani.

Jioni ile nyumba ilikuwa na sauti ngeni, sauti ya vitu ambavyo hakuna anayevisogeza. Mama Wino aliketi kizingitini. Seremala akaja, akaketi karibu naye. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Si jambo hili uliloliomba miaka yote?"

"Niliomba," alisema. "Niliomba kila siku kwamba aende. Ila katika dua yangu nilisahau kitu. Nilisahau kuomba nguvu za kubaki."

Mumewe aliushika mkono wake, wakaitazama njia pamoja mpaka rangi yake ikapotea.

Basi na sisi tuliombe alilosahau. Ewe Mola, waliokwenda kutafuta elimu uwafikishe salama. Na wanaobaki, walimu katika madarasa yenye madirisha ya mbao, na wazazi katika nyumba zilizopungukiwa sauti, uwape subira isiyo na uchungu, uwajaalie habari njema, na uikutanishe mikono yao na ya watoto wao hali wote wako wazima. Amina.